Mtalii Wenu Yuko Wapi?

Dirisha la jikoni kwetu Sakina, Arusha, linatazama Mlima Meru. Kwa miaka 11 nimeosha vyombo nikiutazama (ndiyo, naosha vyombo, mke wangu anafungua duka saa moja), na miaka yote hiyo sikuwahi kuukanyaga. Watu wanapanda ndege kutoka Ujerumani kuja kuukanyaga. Mimi nauona nikisugua sufuria.

Mwezi wa nane nikasema basi. Nikafungua kundi la WhatsApp, watu tisa, kila mmoja akishangilia. Ilipofika tarehe ya kutuma pesa tulibaki watatu: mimi, binamu yangu, na shemeji, mdogo wake mke wangu. Wengine wote walipata misiba, na misiba yote ilikuwa mbali.

Nilichotaka ni mzunguko. Kilele cha mita 4,562 kinahitaji siku tatu au nne, na ruhusa ya kazini sikuwa nayo. Ila ukiwa geti la Momella, la Hifadhi ya Arusha, kuna njia mbili za kufika mabanda ya Miriakamba, mita 2,514. Moja ni fupi, inakwea moja kwa moja. Nyingine inaanza kwa kuzunguka msituni, inapita chini ya mkuyu mkubwa, inachungulia ndani ya kreta, lile shimo la volkano, ndipo inakuleta pale pale. Panda kwa ndefu, lala, shuka kwa fupi. Jumamosi na Jumapili, Jumatatu uko ofisini. Nilijiona nimevumbua kitu, kumbe wapanda Meru wengi ndivyo wanavyofanya.

Mpango ulikuwa mzuri. Bei ndizo zilizoniudhi. Mtumba wa begi kubwa la mgongoni pale soko la Kilombero, Sh 45,000, zipu imekufa. Fundi akala Sh 3,000 nyingine. Mabegi ya kulalia tulikodi, Sh 10,000 kila moja kwa usiku mmoja. Kwa hesabu hiyo begi la kulalia lina bei ya gesti, tofauti ni kwamba gesti ina kitanda na hakuna mtu wa Norwei aliyetokwa jasho ndani yake. Halafu kiingilio, mabanda, askari. Askari mwenye bunduki ni lazima, huwezi kumkwepa, kwa sababu ya nyati na tembo. Shemeji aliuliza kama tukienda kimya kimya tutapunguziwa.

Wapagazi, ambao huku tunawaita wagumu, hatukuchukua. Tuna migongo yetu. Asubuhi ya safari tulishuka Usa River kusubiri gari la Ngarenanyuki, na kwa kuwa tulikuwa tunabishana nani kabeba kizito, tukaomba mizani kwa muuza nyama. Akalitundika begi langu kwenye ndoano, kati ya paja na mbavu. Kilo 19 na nusu. "Hii ukichinja," akasema, "inatosha kipaimara."

Getini mtandao ulikuwa chini. Hawapokei pesa mkononi, unapewa namba ya malipo, unalipa kwa simu, na simu zote tatu zilikuwa zinazunguka tu kama ng'ombe wa kupura. Tukakaa juu ya mabegi yetu saa nzima na zaidi. Magari ya kampuni yanaingia, wazungu wanashuka wakijinyoosha, wagumu wanashusha mizigo. Mwongozaji mmoja akatupita mara mbili, ya tatu akasimama.

"Vijana, mnabebea kampuni gani?"

"Hatubebei kampuni. Tunapanda."

"Sawa, mnapanda. Mtalii wenu yuko wapi?"

Binamu akaninyooshea kidole. Yule mwongozaji akacheka, akadhani ni utani, akaenda zake.

Kutoka hapo mpaka mabanda ni saa sita ambazo nitazipitisha haraka, maana picha za twiga kila mtu anazo. Nyati tuliwaona kwenye majani, weusi, wametulia, na shemeji aliyetaka kumkwepa askari sasa alikuwa anamkanyaga visigino. Mbega walikuwa juu na mikia yao meupe. Mkuyu wenyewe ni kitu kingine. Ulianza kama mmea mdogo juu ya miti mingine, mizizi ikashuka ikainyonga, na penye ile miti pamebaki mlango. Njia inapita katikati yake, na afande anasema tembo naye anapita bila kuinama. Nilisimama chini yake nikatazama juu, jani moja likanidondokea usoni. Nikapiga picha 14.

Afande aliongea kidogo, ila kwenye kreta alisimama bila kuulizwa. Upande wa mashariki wa mlima ulibomoka zamani sana, karibu miaka 8,000, ndiyo maana ukiwa kule Meru inaonekana kama kikombe kilichovunjika ubavu. Mlipuko wa mwisho, mdogo, ulikuwa mwaka 1910. Ukuta wa mwamba unasimama mbele yako kama mita 1,500 hivi, na mlima mdogo wa majivu umekaa katikati. Kutoka Sakina huu upande hauonekani. Miaka 11 nilikuwa natazama mgongo.

Sasa Miriakamba.

Tulifika saa kumi, magoti yanatetemeka. Nimevaa koti la mtumba lenye nembo nisiyoijua, kofia ya sufi, begi mgongoni. Naweka begi chini nje ya banda, mlango wa pembeni unafunguka, anatoka mama mmoja wa kizungu, mvi tupu, miguuni soksi, mkononi taulo. Ananiangalia, anatabasamu, anasema taratibu kama mtu aliyefanya mazoezi kwenye ndege: "Maji moto, tafadhali."

Kiingereza ninacho. Ningeweza kumwambia. Lakini ni mama wa rika la mama yangu, ana taulo mkononi, ameomba maji kwa adabu. Mtu mzima akikuomba maji huanzi kumweleza wewe ni nani. Nikasema, "Sawa, mama." Nikaenda jikoni.

Jikoni mle moshi na vicheko, watu kama 15. Nikasema nataka maji ya kunawa. Hakuna aliyenitazama mara mbili. Mmoja akachota kwenye sufuria kubwa, akamimina kwenye beseni la bluu lenye kipande cha sabuni, akaniambia niwahi kabla hayajapoa. Ubavuni mwa beseni pameandikwa jina la kampuni kwa kalamu ya wino mzito. Sikulitilia maanani. Nikambebea mama, nikamwekea kwenye ngazi. Akasema asante, akaingiza mkono mfukoni, akanipa noti ya Sh 10,000.

Nikaipokea. Ningeweza kusema nilishtuka, lakini ukweli ni kwamba nilikuwa nimefikiria kiingilio.

Tulikuwa tunakula chapati na mayai ya kuchemsha alipotokea kijana mmoja mwembamba, amelikamata lile beseni tupu.

"Nani amepeleka beseni langu kwa mama wa chumba cha tatu?"

Nikanyoosha mkono.

"Wewe wa kampuni gani?"

"Sina kampuni."

"Mtalii wako nani?"

"Mimi."

Jikoni kukawa kimya, halafu pakapasuka. Kuna mzee mmoja, mpishi, alicheka mpaka akaweka mwiko chini. Kijana hakucheka. Akavuta ndoo, akakaa mbele yangu. "Kwa hiyo umelipa wewe mwenyewe. Umelipa kiingilio, umelipa kulala, umelipa askari. Na begi umebeba mwenyewe."

"Ndiyo."

"Kaka, mimi nalipwa nibebe. Wewe unalipa ubebe?"

Sikuwa na jibu na mpaka leo sina. Nikatoa ile noti nikamwekea mkononi, nikaomba radhi. Akaitazama pande zote mbili. "Kakupa leo leo? Sisi bakshishi tunaiona siku ya mwisho, tena inapitia kwa mkubwa wa msafara." Akamwita mpishi, akabadilishiwa noti mbili za elfu tano. Moja akatia mfukoni. "Hii ya beseni." Nyingine akanirudishia. "Hii ya miguu yako. Umefanya kazi."

Tukakaa naye mpaka usiku. Amepanda Kilimanjaro mara nyingi kuliko alivyokwenda kwa wakwe. Kule, anasema, sheria ni kilo 20, na mizani getini inazingatiwa. Shida ni kile kinachoongezwa ukishapita mizani. Raba yake ya kushoto imefungwa kwa uzi wa gunia. Akaniuliza tumepanda njia gani. Nikasema ndefu.

"Mmepita kwenye mkuyu?"

"Tumepita."

"Mimi ni miaka mitatu sijauona. Sisi njia fupi, tuwahi kupika."

Nikampa simu atazame picha. Alizipitia zote 14. Moja akaivuta kwa vidole viwili ikawa kubwa, akabaki anatazama pale juu, penye upenyo wa mbingu kati ya mizizi, kisha akanirudishia simu bila neno.

Begi la kulalia lilikuwa na zipu iliyofika magotini ikagoma, kwa hiyo sikulala. Saa kumi na moja alfajiri nilitoka nje. Kilimanjaro ilikuwa juu ya mawingu, ng'ambo, na mbele yake chini kulikuwa kunapambazuka polepole: maziwa ya Momella, halafu bonde la Ngarenanyuki, bati moja moja zikianza kung'aa.

Bibi yangu alizaliwa kule chini. Mwaka 1951 Waingereza waliwaondoa Wameru pale, watu wapatao 3,000, ardhi wapewe walowezi. Nyumba zikachomwa, watu wakapelekwa King'ori. Bibi alikuwa wa miaka saba hivi. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet akaenda mpaka New York, akalisimamisha jambo hilo mbele ya Umoja wa Mataifa. Shuleni tulilisoma kama swali la mtihani. Bibi halisimulii hivyo. Yeye anasimulia kuku. Kulikuwa na jogoo wao aliyekataa kuingia tengani, wakamwacha juu ya paa, na kila akilitaja paa hilo anabadilisha maongezi. Nilipomuaga wiki ile alinifungia loshoro, chakula chetu cha mahindi na maziwa, kwenye ndoo ndogo, akauliza tunakwenda kutafuta nini huko baridini. Nikasema kutembea tu. "Kutembea," akasema, "na nauli mmetoa?"

Nilisimama nikatafuta ni bati lipi lingekuwa pale. Sikujua nianzie wapi. Shemeji akatoka akiwa amejifunga taulo kichwani, akauliza kama chai imebaki.

Kushuka kwa njia fupi ni saa mbili na nusu za kuumiza vidole. Wagumu walitupita wakiimba, na yule kijana akanipigia kelele, "Mtalii, polepole!" Karibu na geti tukamkuta yule mama amekaa juu ya jiwe na mwongozaji wake, yule yule wa jana. Mama akanijua, akasimama, akaongea kwa furaha na kwa muda mrefu. Mwongozaji alikuwa anajizuia.

"Anasema wewe ndiye mhudumu mwenye adabu kuliko wote aliowakuta. Anaomba jina la kampuni yako akusifie."

Nikamshukuru, nikasema kampuni ni ndogo.

Nyumbani mke wangu alikagua mifuko kabla ya kufua. Akaikuta ile elfu tano, akashangaa, maana aliniaga sina kitu. Nikamwambia nimeipata mlimani, nimefanya kazi.

"Unarudi lini?" akauliza.