Sam Soko na sisi tulio mbali

Mkenya anayeishi huku Toronto anajua jinsi habari za nyumbani zinavyomfikia. Ni vipande vya video kwenye makundi ya WhatsApp: polisi wanarusha vitoa machozi, mwanasiasa anafoka juu ya gari, basi. Kesho kinakuja kipande kingine. Ndiyo maana namheshimu sana Sam Soko, mwelekezi wa filamu za hali halisi kutoka Nairobi. Moshi ukishatawanyika na waandishi wa habari wakaenda zao, yeye bado yupo, anamfuata mtu mpaka nyumbani kwake.

Alipoanza kumrekodi Boniface Mwangi, nia ilikuwa video fupi ya kuwafunza wanaharakati namna ya kuandamana. Boniface alikuwa ameshajulikana. Ndiye mpiga picha aliyetembea na kamera katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa 2007, na mwaka 2013 alikuwa miongoni mwa walioachilia nguruwe mbele ya Bunge, wabunge walipotaka kujiongezea mishahara. Ile video fupi ikawa kazi ya miaka. Boniface akawania ubunge wa Starehe mwaka 2017, Soko akazunguka naye mitaani, kule ambako mpiga kura anamuuliza mgombea waziwazi amemletea nini. Boniface alishindwa.

Lakini aliyenishika mimi katika filamu hiyo, Softie, ni mkewe, Njeri. Vitisho vya kuuawa vilipozidi, alichukua watoto wao watatu wakaenda Marekani. Baba yuko Nairobi anatafuta kura, mama na watoto wako ugenini, na ndoa inaendeshwa kwa simu. Boniface anatanguliza nchi. Njeri anataka kujua familia imewekwa wapi. Mimi na mume wangu tulisimamisha filamu hapo tukabishana, yeye akiwa upande wa Boniface, na hadi leo hatujakubaliana. Ni rahisi kuipenda nchi ukiwa mbali nayo. Mwaka huo wa 2017 sisi wa Kanada hatukuwa hata na kituo cha kura. Tulipata 2022, na hata hapo ni kura ya rais peke yake.

Januari 2020 filamu hiyo ilipata tuzo maalum ya majaji kwa uhariri kwenye tamasha la filamu la Sundance, Marekani, na mwaka huohuo ikashinda filamu bora ya hali halisi kwenye tamasha la Durban, Afrika Kusini. Nilifurahi kwamba Sundance waliutazama uhariri. Soko aliufanya pamoja na Mila Aung-Thwin na Ryan Mullins wa Montreal, na kazi kubwa iko pale: kupunguza miaka ya maisha ya watu hadi saa moja na nusu hivi, bila kumgeuza Boniface kuwa shujaa wala Njeri kuwa mke wa kulalamika tu. Mtayarishaji mwenzake alikuwa Toni Kamau, naye ni jina la kufuatilia.

Kabla ya hapo, LBx Africa, kampuni ambayo Soko ni mmoja wa waanzilishi wake, ilishiriki kutengeneza Watu Wote, filamu fupi ya kuigiza iliyoteuliwa kuwania Oscar mwaka 2018. Inahusu Waislamu waliowakinga abiria Wakristo basi liliposhambuliwa kule Mandera.

Halafu ikaja Free Money, aliyoielekeza pamoja na Lauren DeFilippo, ambayo ilionyeshwa kwanza hapa kwetu, kwenye tamasha la Toronto la 2022. Shirika la misaada la GiveDirectly liliahidi kuwapa watu wazima wa kijiji cha Kogutu, magharibi mwa Kenya, pesa kila mwezi kwa miaka 12, bila masharti. Kijiji cha jirani hakikuwemo. Filamu inakaa na msichana ambaye nyumba yao iko upande usiopata, anaona wenzake wakisonga mbele. Sisi tunaotuma pesa nyumbani kila mwisho wa mwezi tunaijua hali hiyo kutoka upande wa pili. Unamlipia karo mtoto wa dada, wa kaka hapati, na mwaka ujao ukoo mzima haukutazami kwa jicho lilelile. Soko hamlaumu anayetoa, lakini hamruhusu ajifiche nyuma ya nia yake njema.

Kama hujaziona, anza na hiyo ya Kogutu. Ile ya Boniface na Njeri itazame siku ambayo mwenzako naye yupo, maana mtakuwa na mengi ya kusema.