Jinsi ninavyoikosoa komite ya chuo kwa maandishi na bado nikafundisha

Ukiwa asistenti au shefu de travo (ngazi za walimu walio chini ya profesa) hapa Lubumbashi, komite ya uongozi haihitaji mahakama ili ikunyamazishe. Jina lako likirukwa kwenye orodha ya primu (nyongeza ya mshahara), au kozi zako akapewa mwingine mwaka unapoanza, au dosie yako ya kupanda daraja ikilala kabatini, utanyamaza mwenyewe. Ndiyo maana kabla ya kuandika neno lolote napanga kwanza karatasi zangu: barua ya kuteuliwa, PV (muhtasari wa kikao) ya baraza la fakultee iliyonipa kozi, fomu ya saa nilizofundisha yenye sahihi ya dekani, na machapisho ninayotegemea kupandia daraja. Zote napiga nakala na kuzitunza nyumbani. Anayeanza kuzitafuta baada ya kukosoa huambiwa mwenye ufunguo yuko Kinshasa.

Hatua inayofuata ni kumjua aliyesaini. Watu hupenda kumtupia rekta kila kitu, lakini mambo ya masomo yapo kwa sekretari mkuu wa masomo, ya wafanyakazi kwa sekretari mkuu wa utawala, na ya pesa kwa msimamizi wa bajeti. Nikimlenga asiyehusika, barua yangu inajibiwa kwa mstari mmoja na mambo yanaishia hapo.

Nichukue mfano wa malalamiko yanayorudi kila mwaka: chuo kinatangaza ada kwa dola, mwanafunzi analipa kwa franka, na kiwango cha kubadilisha kinabandikwa kwenye valve (ubao wa matangazo) kana kwamba kimeshuka kutoka mbinguni. Tuseme awamu ya kwanza ni dola 200, chuo kimeweka franka 2,900 kwa dola, na siku hiyo hiyo benki inatumia 2,800. Tofauti ni franka 100, yaani 20,000 kwa mwanafunzi mmoja, na kwa wanafunzi 500 ni 10,000,000. Hesabu hiyo ni nyepesi. Kinachowaangusha wengi ni bordero, ile stakabadhi ya malipo ya benki. Mara nyingi haionyeshi kiwango, inaonyesha jumla tu, na ndani ya jumla kuna gharama ya huduma ya benki. Bordero ikisema 583,000 na 3,000 ni ya benki, ukigawanya yote kwa 200 unapata 2,915. Ukitoa kwanza zile 3,000 unapata 2,900. Kwa wanafunzi 500 utakuwa umeisingizia komite franka 1,500,000, na jibu lao litazungumzia hizo tu, zile 10,000,000 zisahaulike.

Kwa hiyo nakusanya bordero kadhaa za tarehe moja kutoka promosheni (madarasa ya mwaka) tofauti, na kila moja nailinganisha na kiwango cha tarehe hiyo hiyo. Benki Kuu ya Kongo hutangaza kiwango chake cha kila siku, nacho ndicho ninachoweka pembeni, pamoja na kile cha dirishani mwa benki inayopokea ada. Kiwango cha wakambisti (wabadilisha pesa) wa barabarani sikigusi kabisa. Halafu nasoma maelekezo ya mwaka ya waziri wa elimu ya juu, maana kama waziri ameshasema jambo hilo, sina haja ya kubishana kwa maoni yangu. Nanukuu ukurasa na kipengele, basi.

Sasa barua. Chuo cha serikali ni mamlaka ya umma, kwa hiyo naiandika kama ombi rasmi na kutaja kifungu cha 27 cha Katiba ya 2006: kila Mkongomani, peke yake au pamoja na wenzake, anaweza kuipelekea mamlaka ya umma ombi, nayo inapaswa kujibu ndani ya miezi mitatu, na hakuna anayeweza kushtakiwa kwa kufanya hivyo. Wengi hukimbilia kifungu cha 23, cha uhuru wa kusema. Ni kizuri, ila 27 ndicho chenye meno. Naandika kwa Kifaransa, ukurasa mmoja, nakala mbili. Sekretari akitaka kupokea bila kugonga muhuri, sitoki: nakala yangu lazima ibebe tarehe, muhuri na namba ya rejista. Bila hiyo, barua haikufika.

Andiko la kusambazwa kwa wenzangu na wazazi linafuata baadaye, kwa Kiswahili, na halisemi jambo lolote la kumhusu mtu ambalo halimo kwenye ombi. Hapa kuna mtego. Kifungu cha 74 cha Kanuni ya Adhabu ya 1940 kinamhukumu kifungo cha siku nane hadi mwaka mmoja anayemtupia mtu hadharani, kwa nia mbaya, jambo mahususi linalovunja heshima yake. Hakisemi kwamba lazima liwe la uongo. Na Kanuni ya Dijitali ya 2023 inaweka mwezi mmoja hadi sita kwa habari ya uongo dhidi ya mtu, kwa anayeianzisha na anayeipitisha pia, kwa hiyo mwenzako anayesambaza tu kwenye WhatsApp naye yumo. Ndiyo sababu siandiki "fulani anakula pesa". Naandika "uamuzi wa tarehe fulani unaweka 2,900, benki siku hiyo ilitumia 2,800, tunaomba kujua tofauti inaingia kwenye akaunti gani".

Nembo na karatasi za chuo situmii. Huko Chicago, walimu wa Chicago State University waliokuwa wakiwakosoa wakubwa wao mtandaoni waliandikiwa na chuo mwaka 2013 kwa kisingizio cha jina na alama zake. Walikwenda mahakamani, na mwaka 2019 kesi ikamalizwa kwa chuo kulipa dola 650,000. Sisi hatuna wa kutulipa kiasi hicho, afadhali kutowapa kisingizio.

Majina ya wanafunzi kwenye bordero yafutwe vizuri. Kalamu nyeusi ya simu huacha herufi zikionekana mtu akiongeza mwanga wa picha. Nachapa karatasi, nafunika jina, matrikule (namba ya usajili) na namba ya bordero kwa kipande cha karatasi nene, kisha napiga picha upya.

Ikija barua ya kudai maelezo, najibu ndani ya muda ulioandikwa humo, kwa aya mbili au tatu, naambatisha ombi lenye muhuri, na jibu hilo nalo linagongwa muhuri. Komite ikijibu hoja, nasambaza jibu lao zima, bila kukata. Wakibadilisha kiwango kimyakimya, napiga picha ya valve siku hiyo hiyo, kisha nasubiri bordero za awamu ya pili.