Hapa balizika nani?

Jumapili iliyopita binti yangu alikuwa akichora kwa chaki kwenye ule mstatili wa sementi ulio kando ya ukuta, pale ninapoegesha gari. Ameuona tangu azaliwe. Ameurukia kamba, ameulalia, ameanika juu yake nguo za wanasesere wake. Sijui siku hiyo ilikuwaje, alisimama akaupima kwa hatua, urefu na upana, kisha akaniuliza bila kugeuka: "Papa, hapa balizika nani?"

Nilikuwa nafungua tairi la mbele. Nikaiweka kle (spana) chini.

Toyota Starlet yangu mnaijua, nimeisema sana. Glanza V, usukani wa kulia kama ndugu zake waliotoka Japani. Injini yake ni 4E-FTE, yenye sentimita za ujazo 1,331 tu, lakini ina turbo, na kwa mji wetu turbo si pambo. Goma, mashariki mwa Kongo, iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa yetu ni haba, na injini isiyo na turbo hupoteza kama sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 unazopanda. Turbo inaikusanya hewa hiyo haba na kuishindilia kwenye silinda. Ndiyo maana kigari kisichofika tani moja kilikuwa kinapanda mlima huku kimeshiba pumzi, wakati magari makubwa yanahema.

Nilivyoipenda, nilikuwa siwezi kuiacha kama ilivyotoka kiwandani. Kwanza nilitoa boksi la filtre ya hewa nikaweka filtre ya wazi, ile inayofanana na uyoga, kwa sababu ya sauti. Turbo ilipiga mluzi mpaka watoto wa avenue wakawa wananikimbilia. Miezi miwili baadaye nikaingiza kidole kwenye bomba la hewa, kikatoka kijivu, na nilipokisugua kwenye kioo kikakwaruza. Vumbi letu si vumbi la udongo. Ni makoro, mawe ya lava ya volkano, yaliyosagwa na matairi, makali kama chupa. Boksi la zamani lilirudi mahali pake siku hiyohiyo, na sauti nikaisahau.

La pili ni resori, zile springi zinazobeba gari. Niliweka fupi, gari likashuka sentimita nne. Lilipendeza, Mungu anajua. Lakini barabara za mtaa wa Keshero mnazijua. Karteri, lile beseni la oili lililo chini ya injini, iligonga koro mara mbili, nikaifungia bamba la chuma chini. Na kriki yangu ya kuinulia gari haikuweza tena kuingia chini yake. Kila nikitaka kufanya vidanje, yaani kubadili oili, nilipaswa kulipandisha kwanza kwenye mbao, na mbao zinateleza. Ndipo nikaamua: nitachimba shimo kama la garaji, niwe nasimama wima chini ya gari langu, nyumbani kwangu.

Hiyo ni 2019. Mimi na mdogo wangu tulichimba wiki tatu kwa baramini na nyundo. Juu kulikuwa na udongo mweusi kidogo, chini koro tupu. Siku nyingine tulipata kina cha kiganja kimoja tu. Tulifika kifuani. Upande wa mbele tukachonga ngazi nne, kuta tukazipaka sementi. Sakafu tuliiacha kama ilivyo. Kwenye kona moja ya sakafu hiyo kulikuwa na ufa, upana wa vidole viwili, na ukiweka mkono ulisikia hewa ya baridi ikitoka polepole. Nilifurahi. Nilimwambia mdogo wangu: shimo letu lina upepo wake, hatutapata joto.

Mazuku, ile gesi ya kuua inayotoka ardhini na kutuama mahali pa chini, nilikuwa nayajua. Hakuna mtoto wa Goma asiyeyajua, na watu wa OVG, kituo kinachochunguza volkano hapa Goma, wanaonya kila mara. Lakini kichwani mwangu mazuku yalikuwa ya mabondeni, kule Bulengo, kule Lac Vert, mahali unapoona nyasi zimekauka bila jua na mijusi imelala chali. Hayakuwa kitu cha parseli yenye ukuta na geti. Sikufikiri kwamba ukichimba shimo, bonde umelitengeneza mwenyewe.

Shimo tulilitumia vizuri wiki kadhaa, kila mara mchana, jua likiwa limepanda na upepo wa ziwa ukipita. Nilibadili mpira wa ekseli, nikakaza bomba la moshi, nikachunguza mfereji wa oili unaorudi kutoka kwenye turbo, ambao mafundi wengi hawauangalii mpaka uzibe. Asubuhi moja tukamkuta kuku wa Mama amekufa mle ndani. Tulisema ni kideri. Tukamtupa.

Jumamosi moja jioni nililiingiza gari juu ya shimo, pua mbele kabisa hadi ikafunika ngazi zote, ili karteri ikae katikati. Nikaliacha hapo usiku kucha. Nilitaka kumaliza vidanje alfajiri kabla ya misa.

Saa kumi na moja na nusu bado kulikuwa giza. Hakukuwa na upepo hata wa kutikisa jani la mgomba. Injini sikuiwasha. Nasema hivi kwa sababu baadaye watu walisema ni moshi wa gari. Gari lilikuwa baridi tangu jana yake. Niliingia kwa nyuma, nikipitia ule upenyo mdogo, nikaweka simu kwenye ukingo na taa yake ikimulika juu. Mdogo wangu alikuwa nje akinipa vifaa. Kle ya 14 ikashika bulo ya karteri, ile bolti inayoziba tundu la kumwagia oili, ikalegea kwa mkono mmoja. Oili baridi ikashuka nzito kama asali ya msitu, ikaanguka kwenye beseni bila kelele.

Bulo ikaniponyoka. Nikaisikia ikigonga koro, ikabiringika kuelekea ngazi.

Nikainama.

Nimejaribu mara nyingi kueleza nilichosikia na bado sijaridhika. Kilichoanza ni pua. Ilichoma ndani, kama unapofungua soda iliyotikiswa na kuvuta hewa juu ya mdomo wa chupa. Ulimi ukapata uchachu. Nikavuta pumzi, haikunitosha, nikavuta nyingine haraka zaidi, nayo haikunitosha, na moyo ukaanza kupiga masikioni. Sikuogopa. Hilo ndilo linalonisumbua mpaka leo, kwamba sikuogopa hata kidogo. Nilikuwa nafikiria bulo tu. Niliiona, iko karibu na ngazi ya chini, rondela yake ya shaba inang'aa, nikasema nikishaichukua nitapumzika. Nikapiga hatua moja kwa magoti. Taa ya simu ilikuwa inawaka vilevile, nyeupe, imetulia. Magoti yakawa ya mtu mwingine. Nilianguka kifua kikiwa kwenye ngazi ya pili, na juu yangu kulikuwa na bati la bampa, na nikafikiri, naikumbuka fikra hii neno kwa neno: gari hili nimelishusha mno.

Kutoka mbali mdogo wangu alikuwa akiniita mimi kaka yake: "Yaya! Yaya, kuko nini?" Kisha nikasikia miguu yake ikikanyaga upenyo wa nyuma. Alikuwa anaingia.

Na sauti ya Mama, ambayo sijawahi kuisikia hivyo kabla wala baada: "Usishuke! Usishuke! Toa mawe!"

Mawe ni makoro mawili niliyoweka nyuma ya matairi. Nilisikia moja likikwaruza, kisha la pili. Mlango ukafunguliwa, breki ya mkono ikashuka. Mama alisimama mbele ya gari, amejifunga kitenge cha kulalia, akaweka viganja vyote viwili kwenye boneti, mdogo wangu akaegemea nguzo ya mlango, wakasukuma. Dari langu likaanza kusogea. Nililiona likienda, polepole, bampa, kisha taa, na nyuma yake ikatokea mbingu, bado nyeusi, na upande wa kaskazini ile alama nyekundu ya volkano ya Nyiragongo tuliyokuwa tukiiona kila usiku miaka ile. Sijui niliitazama muda gani. Kisha mtu akanishika ukosi wa ovaroli. Mdogo wangu alikuwa amelala kifudifudi ukingoni, pumzi ameibana, na Mama amemshika miguu.

Nilitapika hadi kukakucha. Kichwa kiliniuma siku mbili. Hospitali sikwenda, na sisemi kwamba nilifanya vizuri.

Jirani mzee alikuja kabla jua halijapanda. Hakusema mengi. Aliomba gazeti na waya, akawasha karatasi, akaishusha shimoni taratibu. Ilipofika usawa wa kiuno chake, kama angekuwa amesimama mle, moto ulizimika. Haukufifia, ulizimika, kama umepulizwa. Akarudia mara tatu. Zamani mtu akiingia shimoni alibeba koroboi, na koroboi ingezimika kabla yake. Mimi nilikuwa na taa ya simu, ambayo haihitaji hewa, na ikaniangazia vizuri mpaka nikaanguka.

Gesi ile ni kaboni dayoksaidi, inapanda kutoka ardhini kupitia nyufa, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa inatuama mahali pa chini hadi jua na upepo viiondoe. Hewa ya kawaida ina asilimia 0.04 tu ya gesi hiyo. Ikipita asilimia 10, mtu huzimia kwa dakika chache. Usiku kucha ufa wangu ulikuwa unajaza shimo, na gari langu lililoshushwa lilikuwa kifuniko. Haya yote ningeweza kuyajua, kwa sababu vipande vyake vyote nilikuwa navyo: ufa, kuku, alfajiri bila upepo.

Jioni ile nilimuuliza Mama alijuaje kumzuia mdogo wangu. Alikuwa anamenya viazi. Akasema alipokuwa msichana, upande wa Sake, mbuzi aliingia bondeni. Mtu mmoja akamfuata mbuzi. Wa pili akamfuata wa kwanza. Hakuniambia walikuwa nani, na kwa namna alivyokuwa akikata viazi sikuuliza.

Nikamuuliza tena: basi siku zote tulipokuwa tukichimba, kwa nini hakusema?

Akakaa muda. Akasema: "Tangu tumzike papa yako sikukuona ukicheka. Ukichimba ulikuwa unacheka."

Nimelibeba jibu hilo miaka yote na sijui nilipeleke wapi. Siwezi kumlaumu, na siwezi kusema halina uzito. Kuna siku nasema alinipenda vibaya. Kuna siku nasema hakuna mtu aliyewahi kunipenda hivyo, na kwamba yeye pia alikuwa akijidanganya, kama mimi, kwamba parseli yenye ukuta si bonde. Hatujalizungumza tena.

Shimo tulilijaza kwa makoro yaleyale tuliyoyatoa, siku mbili tu, tukamwaga sementi juu. Starlet ilikaa wiki nzima bila tone la oili kwa sababu sikuwa na bulo ya kufunga karteri. Nilipata nyingine Birere, pamoja na rondela mpya. Resori za kiwandani nikazirudisha mwezi huohuo. Sasa nina njia mbili za mbao nene zenye misumari ya kuzuia kuteleza, gari linapanda juu ya ardhi, mimi nalala chini yake mahali hewa inapopita, na ni mchana tu.

Yote haya yalinipita kichwani wakati binti yangu akisubiri, chaki mkononi. Ana miaka mitano. Nikamwambia hakuna mtu aliyezikwa hapo. Kuna bulo.

"Bulo ya nani?"

"Ya gari. Ilianguka."

Aliinama, akachora duara dogo katikati ya sementi. "Iko hapa?"

Nikamwambia hapana, asogee kidogo. Akasogea, akachora jingine. Nilikuwa najaribu kukumbuka, nikipima kwa macho toka ukutani, wakati Mama, aliyekuwa ameketi mlangoni na ungo wa maharage magotini, aliponyoosha kidole bila kuinua kichwa.

"Mbele zaidi," akasema. "Karibu na ngazi."