Siku Mzee Alipoipandisha Eskaveta Juu ya Ukingo

Kiangazi kile tulikuwa tunachimba kifusi cha barabara upande wa Kaliua, mkoani Tabora. Mimi nilikuwa karani wa saiti: tipa ikitoka shimoni, naweka alama daftarini. Tulikuwa na eskaveta moja, mashine ya kuchimba na kupakia, na tipa nane, na kazi ilikuwa nyuma ya ratiba. Asubuhi moja fomani alifika amefura, akasema ataagiza tipa zaidi.

Opereta wetu alikuwa mzee wa Mbinga, aliyewahi kupakia makaa ya mawe kwenye machimbo ya Ngaka. "Bosi, zitakuja kupanga foleni tu," akamwambia. Na kweli, tatu zilikuwa chini ya miombo zinanguruma, dizeli inateketea. Iliniuma sana dizeli ile.

Mzee akanivulia saa yake. "Pima, mwanangu."

Kujaza tipa moja, dakika 5. Kwenda kumwaga na kurudi, dakika 20. Mzunguko mzima dakika 25; ukigawa kwa 5 za kujaza, eskaveta ile ilizimudu tipa tano tu. Hata zingeletwa ishirini, kwa saa zisingetoka zaidi ya 12. Hesabu hiyo, alisema, kwa makaa au kifusi ni ileile. Tofauti ni uzito: makaa ni mepesi, ila kifusi ukikijaza kwa kuangalia tu bodi ya tipa ijae, unavunja springi zake.

Tatizo lilikuwa pale mashine iliposimama. Ilikuwa usawa mmoja na tipa, kila kijiko kikipandishwa hadi juu ya bodi na kuzungushwa nusu duara. Mzee aliipandisha juu ya ukingo wa kifusi, akapasawazisha, akaielekeza minyororo ya kutembelea kwenye ukingo ili paking'oka arudi nyuma upesi. Tipa ikaingia chini, ubavuni, naye akawa anaona ndani ya bodi. Meno yanazama, kijiko kinajikunja kimefurika udongo mwekundu, kinazunguka robo tu, kinamwaga. Dakika 3.

Mzunguko ukawa dakika 23; ukigawa kwa 3 ni karibu nane, na tipa nane zikawa ndizo hasa zinazotakiwa. Fomani alisimama muda mrefu akitazama, kisha akaja kuomba daftari langu. Suala la kuagiza tipa halikutajwa tena.

Alasiri opereta wa greda akatuma ujumbe: kifusi kinamlundikia, na boza la maji halimtoshi kushindilia. Mzee akashuka, akachukua saa yake, akapanda tipa iliyokuwa inaondoka kwenda huko.