Chupa ya viluwiluwi

Juzi jioni walipita tena na ile mashine ya kupuliza dawa. Harufu iliingia ndani kabla hatujawahi madirisha, na binti yangu mdogo, kaziba pua kwa khanga yangu, akauliza: "Mama, wanaua mbu wakubwa tu? Na wale watoto wao kule mtaroni?"

Nilicheka peke yangu. Swali hilo niliwahi kulibeba kwenye chupa ya maji ya lita moja na nusu mpaka mkutano wa mtaa.

Ilikuwa 2017. Mnakumbuka Juni ile Rais Magufuli alikwenda Kibaha, kwenye kiwanda kilichojengwa kwa ushirikiano na Wacuba, akaagiza halmashauri zote zinunue viuadudu vya pale, dawa ya kumwaga majini kuua viluwiluwi, yaani watoto wa mbu. Sisi wa bondeni hapa Dar tukaona tumepata pa kushikia. Mvua za vuli zilipoanza tukaandika barua: tunaomba manispaa iache kupuliza moshi mtaroni na kwenye uwanja wa wazi, badala yake imwage dawa ya Kibaha. Mama anayelima mchicha kando ya mtaro alikuwa wa kwanza kutia saini, maana kila wakipuliza wateja wake walikuwa wanauliza mboga imechumwa lini. Wenye watoto wa pumu nao wakasaini. Wengine walisaini kwa sababu kalamu ilifika mbele yao.

Barua ilizunguka ofisi mbili tatu, ikarudi na jibu kwamba bwana afya atakuja mkutanoni kutusikiliza.

Fundi wetu katika jambo hili alikuwa jirani yangu, mtu wa ubishi. Ujanani alikuwa mmoja wa vijana wa mpango wa malaria wa jiji, pale dawa ya namna hii ilipoanza kumwagwa mwaka 2006 kwenye kata tatu: Buguruni, Kurasini na Mikocheni. Kazi yake ilikuwa kuzunguka kila wiki, dimbwi kwa dimbwi, chini ya mgomba na nyuma ya choo cha mtu, akimwaga. Yeye ndiye aliyetuelewesha kwamba dawa hii ni bakteria. Kiluwiluwi anaimeza na chakula chake, ikifika tumboni inamchana utumbo. Samaki, kuku na binadamu haiwagusi. Pupa, yaani kiluwiluwi aliyekwisha kukua anayengoja kugeuka mbu, haimpati, kwa kuwa pupa hali kitu. Ndiyo maana lazima urudi wiki ijayo, na ijayo tena.

Asubuhi ya mkutano alichota viluwiluwi kwa kopo, tukavimimina kwenye chupa. Alitaka dawa iwekwe alfajiri ili saa nne watu wakute vimelala chini. Mwenyekiti akakataa. "Hapana, jirani. Itasemwa mmekuja na maji mliyoyaua nyumbani. Mtaiweka mbele za watu."

Basi tukaiweka mbele za watu.

Naiona ile meza mpaka leo: kitambaa cha kijani, mhuri wa mtaa, daftari la mahudhurio, na chupa yetu katikati kama mgeni rasmi. Jua lilikuwa linaipiga kwa nyuma, kila kiluwiluwi kinaonekana, vinapanda kuvuta hewa, vinashuka kwa kujinyonganyonga. Jirani akanyonya dawa kwa bomba la sindano, akadondosha. Maji yakawa na ukungu kidogo, kisha yakatulia. Watu wakasogeza viti. Watoto wakapenya mpaka miguuni mwa bwana afya. Kimya.

Viluwiluwi vikaendelea kuogelea.

"Subirini," jirani akasema. Tukasubiri. Mwenyekiti akasoma muhtasari wa kikao kilichopita, akarudi kwenye chupa. Wanapanda, wanashuka. Mzee mmoja mstaafu wa reli akavaa miwani, akainama, akaitazama kwa muda mrefu, akatoa hukumu: "Mwenyekiti, mimi naona wamenenepa."

Mkutano wote ukaangua kicheko. Hata bwana afya, mtu wa watu kweli, alifunika mdomo kwa faili. Jirani akawa anapaza sauti kwamba dawa inataka saa kadhaa, wengine wanakufa kesho yake, lakini nani anasikiliza. Na hapo mama mmoja wa nyuma akasimama, akauliza kwa upole kabisa: "Samahani, bwana afya. Nimesikia hiyo ni bakteria. Juzi juzi tu tulikuwa na kipindupindu hapa. Mnataka kutumwagia bakteria kwenye mtaro ambao watoto wanaokota mipira?"

Kicheko kilikatika. Bwana afya alijibu vizuri, alieleza kila kitu, ila nilimwona yule mama anavyotikisa kichwa. Kipindupindu kilichoanza Agosti 2015 watu walikuwa hawajakisahau, na mimi nisingethubutu kumwambia hofu yake ni ya kijinga. Swali lake lilikuwa zuri kuliko barua yetu.

Kesho yake mchana mwenyekiti alinipigia. "Mama, njoo uchukue chupa yako. Wamekufa wote, ofisi inanuka."

Manispaa ilileta dawa hatimaye. Ilimwagwa mtaroni kwa wiki kadhaa, kisha vijana wa kumwaga wakaacha kuja. Tulipouliza tukaambiwa posho. Mwaka 2019 homa ya dengue, inayoenezwa na mbu, ilipolipuka Dar, mashine za moshi zikarudi, na sikupinga. Mbu aliyekwisha kubeba virusi anaruka, hayumo mtaroni, na yule wa dengue anazaliana hata kwenye tairi bovu na kifuniko cha ndoo. Tangu hapo moshi haujaondoka, na siku ukipita watu wanatoka nje kuushangilia.

Nadhani hapo ndipo tuliposhindwa: moshi unaonekana. Unanuka, una ngurumo, mtu anajua serikali imefika kwake. Dawa yetu ilitaka mtu aamini chupa ambayo haijabadilika.

Jirani hakubaliani kabisa. Juzi baada ya mashine kupita tulibishana ukutani hadi saa tatu usiku. Kwake yeye watu hawana tatizo, wangezoea kama Buguruni walivyozoea, kilichokosekana ni kijana wa kulipwa kila wiki, kipindi cha mvua na kisicho cha mvua. "Wewe unaandika sana," akaniambia, "hebu piga hesabu ya posho." Nikamwambia aipige yeye. Akaenda kutafuta daftari.