Mali ya Mtu Aliye Hai

Chumba cha nje cha nyumba yetu Wete, Pemba, kina mwenyewe, na mwenyewe yuko Muscat. Hapo ndipo tulipokwama. Angekuwa amekufa, mambo yangekwisha zamani: tungekaa ukumbini na ami na shangazi, madeni yake yangetolewa kwanza, kisha wasia kama aliuacha, bibi mzaa baba angepata sudusi yake, yaani sehemu moja ya sita, mke wake wa huko Muscat thumni, yaani sehemu moja ya nane, na kilichobaki tungegawana sisi watoto, wa huku na wa huko, wa kiume mafungu mawili, wa kike moja. Mama yetu asingekuwa na fungu katika thumni hiyo, keshaachwa. Pengine tungenuniana mpaka Idi ipite, lakini njia ingekuwepo. Baba yu hai. Anakula, anasali, ana mke na watoto huko, na baada ya Ramadhani kadhaa tunaisikia sauti yake kwenye simu ya mtu mwengine. Mali ya mtu aliye hai hairithiwi.

Nyumba ni ya mama, kaipata kwa babu. Baba alipooa alipewa kile chumba chenye mlango wa barabarani, akafungua kazi yake ya fundi redio. Wakati huo umeme wa Pemba ulikuwa wa majenereta ya Wesha; waya wa Tanga unaopita chini ya bahari tumeupata 2010. Umeme ulikuwa unapanda na kushuka utakavyo, na kila ukirudi kwa kishindo, asubuhi yake pana mtu mlangoni na redio kaseti kwapani, imeungua. Za shamba hazikuujua umeme. Hizo zilikuja betri zimevujia ndani, nyaya zimeliwa na kutu ya hewa ya bahari, au spika imechanika kwa sababu mtu alitaka taarifa ya habari ya STZ, Sauti ya Tanzania Zanzibar, imfikie na jirani. Baba alikuwa hodari wa kazi. Hilo simnyimi.

Kisha akaenda Oman kutafuta, kama walivyokwenda wengi wa Pemba kabla yake. Mwanzo zilikuja barua na fedha, halafu barua tupu, halafu msafiri mmoja akaleta bahasha ndani yake mna karatasi ya talaka. Mama akakaa eda yake, akaanza kuchoma mikate ya kumimina ya kuuza, na kile chumba akakitia kufuli.

Hakukigusa tena. Yaani hakugusa vilivyomo, maana chumba chenyewe alikitunza kuliko vyetu tunavyolala. Mabati ya mbele yalipooza, alibadilisha ya juu ya chumba kile kwanza, na sisi huku tunakinga ndoo. Tulipokuwa wadogo tulidhani anamngoja. Tulipokuwa wakubwa tuliona aibu kwa niaba yake, hasa mimi.

Sasa mdogo wangu anaoa baada ya Idi Kubwa na anakitaka chumba. Ndiyo nikavuka kutoka Unguja likizo hii ya skuli, tukafungua.

Nilitegemea kukuta vitu vya baba. Niliyokuta ni mali za watu. Rafu kwa rafu redio, kila moja imefungwa karatasi kwa uzi, kwa mwandiko wake ule wa kulala upande: wa Konde, haishiki STZ. Wa Limbani, spika, elfu tatu, kapokea elfu moja. Mwalimu wa Gando, swichi. Bi mmoja wa Ole, inakula kaseti. Karatasi nyingi zina neno "karafuu" chini yake, na hili nililifahamu bila ya kuelezwa. Watu walikuwa wanaleta redio msimu haujafika, wanatanguliza kidogo, na salio wanaahidi wakishapeleka karafuu kituoni kwa Shirika la serikali linalozinunua na kulipwa. Mwaka ambao mikarafuu haikuzaa, redio ilikaa. Miaka miwili haikuzaa, redio ikazoea rafu. Na fundi naye akapanda meli.

Kwa hiyo tulikuwa na mafungu mawili: yake aliyotuachia sisi bila kusema, na ya wenziwe aliyoachiwa yeye kwa kusema na kuandika, tena baadhi yao kishawala fedha.

Mdogo wangu alitaka kumwita mnunuzi wa chuma chakavu, jioni ileile. Simlaumu, ana harusi ya kulipia. Ami, ambaye ni ndugu yake baba tumbo moja, alisema mkivitia moto vyote baba yenu hatojua, na akijua hatouliza. Nilimwambia, "Ami, wewe ungependa cha kwako kitiwe moto?" Akacheka, akasema cha kwake hajakiacha kwa mtu.

Tukaenda kwa imamu wa msikiti wetu. Nilidhani atatupeleka kwa kadhi, maana nimewahi kusikia kesi za mafkud, mtu aliyepotea asijulikane yu hai au kafa, na kadhi ndiye anayehukumu. Imamu akasema baba yenu si mafkud, mnajua alipo na namba yake mnayo. Wala msiende Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana kwa habari ya mirathi, mirathi hamna. Mlicho nacho ni amana, na amana inarudishwa kwa mwenyewe. Za watu zirudisheni kwa watu. Zake mwambieni, mumpe muda. Kinachooza kiuzwe, fedha yake iwekwe. Na muandike kila kitu mbele ya sheha, mkuu wa shehia yetu, na mashahidi, isije ikasemwa mliiba.

Nilirudi nyumbani nimekasirika. Mtu hakutulipia hata daftari la skuli, leo sisi ndio tumchungie bisibisi na koleo? Nilimwambia mama hivyo hivyo, kwa sauti ambayo sijapata kumwambia. Alikuwa anapeta mchele, wala hakuuweka ungo chini. Akasema, "Unafikiri nilimwekea yeye? Nimejiwekea mimi. Mimi kwake sitaki kudaiwa hata msumari."

Miaka yote hii sikuwahi kuliwaza hilo. Tulikuwa tunamwona mwanamke aliyeachwa anayechunga vitu vya mume, kumbe alikuwa anachunga mikono yake mwenyewe. Hasira yangu haikwisha, lakini ilipoteza pa kusimama. Kama mtu mwenye haki kubwa zaidi ya kuvitupa hakuvitupa, mimi nina kisa gani?

Tukaandika. Sheha alikuja na daftari lake na wazee wawili wa mtaa, wakakaa barazani, sisi tunatoa kimoja kimoja. Kisha nikaanza kuzungusha redio. Wa Konde keshafariki. Binti yake aliipokea, akaigeuzageuza, akaniuliza kama ndiyo ile waliyokuwa wakisikilizia mpira na kina kaka. Mimi nitajuaje? Bi wa Ole aliniambia nimtolee uchafu mlangoni, halafu akanikaribisha chai. Mzee wa Limbani hakutaka redio kabisa, alitaka elfu moja yake, na tulibishana kidogo kuhusu elfu moja ya wakati ule na ya leo. Imamu alikuwa ameshasema deni la fedha ni la baba, si letu, isipokuwa tukipenda. Nilimpa, ili niondoke tu. Mwalimu wa Gando, mstaafu sasa, ndiye aliyenitia uzito. Alisema kwa miaka amemlaani baba kila akipita mbele ya mlango wetu, sasa nimfikishie kuwa amemsamehe. Nilimwambia, "Mwalimu, mimi na yeye hatusemezani." Akasema basi, amana hiyo nayo ninayo.

Mdogo wangu ndiye aliyempigia. Aliposhindwa kumpata alimrekodia sauti, akamsomea orodha yake: meza ya kazi, mita ya kupimia umeme, pasi ya kuchomelea risasi, debe la vipuri, sanduku lenye kanzu na kofia ya kiua, kaseti za taarabu, cheti cha skuli, picha. Jibu lilikuja usiku wa pili, fupi. Salamu, hali za wote, pole kwa kazi. Kisha: "Vyote vyenu, nimekupeni. Isipokuwa mita. Hiyo mnitumie akipatikana msafiri."

Niliisikiliza zaidi ya nilivyopenda. Kofia ile bibi aliishona kwa mkono wake, tundu kwa tundu, miezi mingi. Picha zile ni zetu sisi, tukiwa watoto. Yeye kakumbuka mita. Pengine mtu huuliza kile anachoweza kukiuliza bila kuona haya. Pengine anataka mita tu. Sina haja ya kumtafutia uzuri.

Imamu anasema ile kauli ni hiba, zawadi ya mtu aliye hai, na mashahidi tunao, maana sheha ameisikia. Lakini hiba haitimii mpaka anayepewa akubali na akabidhiwe, na hapo niliona mlango wangu. Mdogo wangu kakubali meza na vipuri, halali yake. Kofia nimempelekea bibi, akaivaa yeye mwenyewe juu ya mtandio, tukacheka. Kaseti kachukua shangazi. Cheti na picha nimewaachia mama na mdogo wangu waamue. Mimi fungu langu sikukubali, nikasema hivyo mbele ya imamu. Akanitazama akaniuliza, "Una hakika?" Nikamwambia ninayo. Mama hakusema kitu, na sikumuuliza.

Mita nimeifunga vizuri. Fundi mmoja wa Chake ameijaribu, inapima sawasawa. Jirani yetu anasafiri mwezi ujao na amekubali kuibeba, na ndani ya mfuko nimetia karatasi: mwalimu wa Gando amekusamehe. Nimeandika hilo tu, hata salamu sikuweka.

Zimebaki redio chache ambazo karatasi zao zimeliwa na mende. Zitatangazwa msikitini baada ya Ijumaa, na asipojitokeza mtu kwa muda waliokubaliana imamu na sheha, zitauzwa na fedha kutolewa sadaka kwa niaba ya wenyewe, popote walipo. Chumba keshokutwa kinapakwa rangi. Mdogo wangu anataka kijani, mchumba wake anataka nyeupe, na mimi kwenye ugomvi huo simo.