X5 ya pauni 4,500 na bili inayosafiri nayo

Imeingia tena ile picha. BMW X5 nyeusi ya mwaka 2012, dizeli ya lita 3, viti vya ngozi rangi ya maziwa, bei pauni 4,500. Chini yake ujumbe kutoka Sinza: "Kaka, hela hiyo huku naambulia Toyota IST. Nitumie hiyo mashine. Au na wewe umeshindwa na gari?"

Neno hilo la kushindwa linauma, kwa sababu anayeliandika anaamini kabisa kwamba tulioko Uingereza tumekalia magari ya bei ya bure na tunawabania wa nyumbani. Ndugu zangu wa Dar, gari la kifahari halishuki hadi pauni 4,500 kwa huruma ya mtu. Limeshuka kwa sababu mwenye nalo ameona bili inakuja na anataka imkute mwingine. Ukilinunua wewe, bili hiyo inapanda meli pamoja na gari na inafunguliwa Dar.

Tuanze na London. Jiji lina ukanda wa kudhibiti moshi uitwao ULEZ, na tangu tarehe 29 Agosti 2023 umefunika London nzima, hadi pembezoni kabisa. Gari la dizeli ambalo halijafikia kiwango cha Euro 6 linalipa pauni 12.50 kila siku linapotembea, hata kama umetoka kununua mkate ukarudi. X5 ya 2012 ni Euro 5. Siku 5 za kwenda kazini ni pauni 62.50 kwa wiki, na mwaka ukiisha umepitisha pauni 3,000. Kamera inasoma namba. Usipolipa, faini inakuja kwa posta. Birmingham nako wana ukanda wao, pauni 8 kwa siku. Ongeza kodi ya barabara inayopangwa kwa kiasi cha hewa chafu inayotoka kwenye ekzosi, ongeza bima, halafu fundi anayetoza kwa saa. Ndiyo maana dizeli za zamani zinauzwa kama nyanya za jioni.

Hapa niseme na wale wanaojiandaa kuja. Leseni ya Tanzania utaiendeshea Uingereza miezi 12 tu. Baada ya hapo unaanza upya, mtihani wa nadharia na wa barabarani, na haibadilishwi dirishani kama za nchi nyingine. Bima ya dereva mwenye leseni changa inaweza kuzidi bei ya gari lenyewe. Na wale mnaowaona kwenye picha wameegemea Range Rover, wengi wanalipia kila mwezi kwa mkataba wa miaka 3 au 4. Mkataba ukiisha, gari linarudi kwa kampuni au anatafuta fungu kubwa la mwisho ili liwe lake. Usiuze kiwanja cha Madale kwa sababu ya picha.

Turudi kwenye X5. Kabla ya kuuliza nauli ya meli, fungua kikokotoo cha magari yaliyotumika cha TRA, yaani Mamlaka ya Mapato Tanzania, weka aina ya gari, mwaka na injini. TRA wanaweza kutumia thamani yao, kwa hiyo risiti yako ya pauni 4,500 haikulindi. Tuseme thamani hadi kufika bandarini imewekwa dola 10,000. Ushuru wa forodha ni asilimia 25, yaani 2,500. Sasa tuko 12,500. Injini inayozidi cc 2000 inatozwa ushuru wa bidhaa asilimia 10, ni 1,250. Gari lililopita miaka 10 linaongezewa asilimia 30 ya uchakavu, ni 3,750. Jumla 17,500, na juu yake VAT ya asilimia 18, ambayo ni 3,150. Kodi peke yake 10,650, zaidi ya thamani ya gari, na bado hujahesabu tozo ndogondogo za forodha na reli, bandari, wakala na namba.

Sasa chukua gari la thamani hiyo hiyo ya dola 10,000, lenye injini isiyozidi cc 2000 na umri chini ya miaka 8. Ushuru wa bidhaa unashuka hadi asilimia 5, uchakavu haupo. Kodi hizo zinakuwa takribani 5,490. Tofauti ni dola 5,000 na ushee. Kati ya miaka 8 na 10 uchakavu ni asilimia 15. Kinachohesabiwa ni mwaka wa kutengenezwa, na mwaka wa kusajiliwa unaweza kuwa mwingine. Uingereza gari linaweza kutengenezwa Oktoba likasajiliwa Machi mwaka unaofuata, na muuzaji atakutajia ule wa Machi. Viwango navyo huguswa na bajeti, mwaka wa serikali unaanza Julai 1, basi kagua tena kabla ya kutuma hela.

Kwa hesabu hiyo, mtu wa Dar anayetaka gari la kifahari la ukubwa wa kati aangalie zilizo chini ya cc 2000. Mercedes GLC 250 ina cc 1991. BMW X3 20i ina 1997 au 1998, kutegemea toleo. Lexus NX 200t nayo 1998. Toyota Harrier iliyoanza 2013, ile ya petroli ya lita 2, ina cc 1986. BMW kubwa na Range Rover Sport nyingi zinakusukuma upande wa asilimia 10 kabla hujawasha injini.

Na injini ndiyo yenyewe. BMW za dizeli za lita 2, injini N47, hasa za 2007 hadi 2011, zina cheni ya taimingi iliyowekwa nyuma, upande wa gia boksi. Ikilegea unasikia mkwaruzo mwembamba unapowasha asubuhi injini ikiwa ya baridi, kisha unatulia. Muuzaji mjanja atakuwa ameshaipasha moto kabla hujafika. Cheni hiyo haibadilishwi mpaka injini au gia boksi ishuke, na ikikatika inaondoka na valvu.

Mercedes ML na GLE zenye dizeli ya V6, injini OM642, zina tatizo la sili za kipoza oili. Sili zenyewe ni vipande vidogo vya mpira, bei yake si kitu, lakini zimekaa katikati ya V chini ya manifoldi na turbo, kwa hiyo kazi ni ya siku nzima au zaidi. Oili inateremka bondeni mwa injini na kudondokea pale injini inapokutana na gia boksi. Fundi asiyeijua anaona tone hapo, anasema ni sili ya krenki ya nyuma, anashusha gia boksi, anabadilisha, unalipa, na wiki inayofuata tone lipo palepale. Kabla hajashusha chochote mwambie amulike tochi juu, kati ya silinda. Bondeni kukiwa na dimbwi jeusi, hilo ndilo jibu.

Discovery na Range Rover Sport za dizeli za lita 2.7 na 3.0 zina sifa mbaya ya kukatika krenki. Audi Q5 za petroli za lita 2, za 2009 hadi 2012, zinakula oili kwa sababu ya ringi za pistoni. Muulize mwenye gari anaongeza lita ngapi kati ya sevisi na sevisi, halafu nyamaza umwache ajibu.

Shokapu za upepo zinapimika hata kwa simu ya video. Mwambie muuzaji aegeshe gari mahali tambarare jioni, asiliwashe. Asubuhi aweke futi ya fundi kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa bodi, pembe zote 4. Kona moja ikiwa imelala sentimita 2 au 3 kuliko mwenzake, kuna mfuko unaovuja. Kompresa inayojaza mfuko unaovuja usiku na mchana nayo inaungua, kwa hiyo ukilipuuza tatizo moja unanunua mawili. Barabara za Goba na Bunju haziusamehei mfuko wa namna hiyo.

Uingereza ina zawadi moja kwa mnunuzi wa mbali, nayo ni historia ya MOT. Ukaguzi huu unafanywa kila mwaka gari likitimiza miaka 3, na matokeo yake yako wazi bure kwenye tovuti ya serikali: unaweka namba ya gari tu. Soma maili za kila mwaka moja baada ya nyingine. Zikishuka, huenda mita imerudishwa. Zikiganda miaka 2, gari lilikuwa limelala. Kisha soma maonyo, maana ndimo gari linapojieleza. "Kutu kwenye fremu ndogo ya nyuma" ikijirudia miaka 3 mfululizo maana yake hakuna aliyejali. Huku wakati wa baridi barabara humwagiwa chumvi, na kutu inaanzia chini, kwenye mirija ya breki na fremu, sehemu ambazo picha haionyeshi. Ukiliegesha Kigamboni au Mbezi Beach kando ya bahari, kutu itaendelea pale ilipoishia. Na kumbuka hizo ni maili: 80,000 ni kilomita kama 129,000.

Lipia pia upekuzi wa madeni na ajali. Gari lililochukuliwa kwa mkataba wa mkopo ambao haujaisha linaweza kuwa bado ni mali ya kampuni iliyokopesha, hata kama umemlipa muuzaji hadi senti ya mwisho. Kwenye upekuzi wa ajali, alama S ya bima maana yake gari liliumia kwenye muundo, N liliumia kwingine. Kabla ya Oktoba 2017 zilikuwa C na D. Dai funguo 2. Kitabu cha usajili, V5C, kiwe mkononi mwa muuzaji. Kile kipande cha kupeleka gari nje moja kwa moja kinajazwa na kutumwa DVLA, mamlaka ya usajili wa magari ya Uingereza, na kitabu chenyewe kinasafiri na wewe.

Msamaha wa kodi kwa anayerudi nyumbani upo, ila mnausoma vibaya. Ni kwa mtu anayehama kweli kurudi, na gari moja ambalo amelimiliki na kulitumia nje angalau miezi 12 bila kuhesabu siku za melini. Si njia ya kumtumia shemeji X5.

Ukinunua Japani badala ya Uingereza, kinga yako ni karatasi ya mnada, yaani ripoti ya ukaguzi wa gari. Gredi 4 au 4.5 ni gari zuri, 3.5 linavumilika kwa bei yake, R au RA lilishapata ajali likatengenezwa. Kwenye mchoro, A ni mkwaruzo, U kibonyeo, W sehemu iliyonyooshwa na kupigwa rangi, XX kipande kilichobadilishwa. Omba karatasi ya asili, usikubali maelezo yaliyochapwa upya na muuzaji. Ukichukua BMW au Mercedes ya Japani hakikisha usukani uko kulia, kwa maana baadhi ya magari ya Ulaya yaliyouzwa Japani yana usukani wa kushoto. Na redio yao inaishia kama MHz 95, stesheni zako nyingi hutazipata bila kifaa cha kubadilisha masafa.

Ukiniuliza mimi, kwa Dar chukua petroli. Dizeli za kisasa zina chujio la masizi kwenye ekzosi, nalo hujisafisha gari likikimbia kwa muda na joto likapanda. Foleni ya Mwenge au Kimara hailipatii nafasi hiyo. Chujio linaziba, gari linakosa nguvu, halafu anatokea mtu wa kulikata na kuliacha bomba tupu. Usifanye hivyo: moshi huo wanauvuta watoto wako.

Gari likishatoka bandarini, usilipeleke harusini kwanza. Mwaga kulanti yote na uweke ya aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Maji ya bomba yanakula alumini kutoka ndani, na kwenye BMW zenye pampu ya maji ya umeme ukichelewa kuona joto linapanda, silinda hedi imeshapinda. Oili ya gia boksi ibadilishwe hata kama muuzaji anasema ni ya maisha. ZF wenyewe, wanaotengeneza gia boksi za BMW nyingi, wanashauri kati ya kilomita 80,000 na 120,000. Tairi zote 4 ziwe saizi moja na zimechakaa sawasawa, la sivyo kigawanyio cha nguvu za magurudumu manne kinaungua. Fundi awe na kompyuta inayozungumza na gari hilo hasa, akuonyeshe misimbo ya makosa iliyosomwa kabla ya kutaja bei. Spea za kubahatisha Gerezani na Ilala zinafaa kwa taa na bampa. Sensa, sili na mifuko ya upepo agiza mpya, ukimpa muuzaji namba ya chesisi yote.

Kwa ndugu yangu wa Sinza: nitumie bajeti yako yote, ukiwa umeshatoa fungu la sevisi ya kwanza. Nitakutafutia Harrier au NX, na historia yake nitaisoma mstari kwa mstari kabla hujatuma hata shilingi.